Tundu Kwenye Kichwa cha Nguzo



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya tundu. Si tundu la kuku, wala tundu la sindano, bali tundu analolitoboa seremala kwenye kichwa cha nguzo ndefu, pale msumeno ulipokata, kwenda ndani kwa kufuata urefu wa mti. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji leo amekosa habari. Nawaomba wanivumilie, kwa sababu tundu hilo limenigharimu fedha na karibu linigombanishe na kijana wa watu.

Baraza ya nyumba yangu ina nguzo nne za mbao. Mmoja wa mafundi walioijenga alizisimamisha moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, na kwa miaka mingi hatukuona ubaya wowote. Masika yaliyopita niliigonga nguzo moja kwa ufunguo wa mlango, ikalia kama boga bovu. Juu ilikuwa nzima kabisa. Chini, kiasi cha shibiri moja, ilikuwa unga.

Sababu yake si siri. Mti ulipokuwa hai ulikuwa ukipandisha maji kutoka mizizini kwa njia nyembamba zinazokwenda na urefu wake, na mti ukikatwa njia hizo hazizibiki zote. Ubavu wa nguzo hunywa maji polepole, lakini kichwa chake hunywa upesi mno. Ukiisimamisha nguzo kwenye sakafu inayolowana, umeipa mrija na kikombe.

Basi nikanunua nguzo mpya ya mninga, inchi 4 kwa 4, urefu futi 8. Safari hii nilitaka mambo mawili. La kwanza, nguzo isiguse sakafu. Chini yake litobolewe tundu la inchi moja, kina cha shibiri, liingie pini ya chuma iliyozikwa kwenye zege, na nguzo ibaki imeinuka kidogo ili hewa ipite. La pili, kwa kuwa nilitaka taa juu ya baraza na sikupenda kuona waya ukitambaa nje, nikaagiza litobolewe tundu jingine litoke juu hadi chini, futi zote 8.

"Hakuna tabu, mzee," alisema fundi kijana niliyempa kazi.

Nimekuwa katika kazi ya kuhoji watu zaidi ya miaka 20, na nilipaswa kujua kwamba neno hilo ndilo la kuogopwa. Kijana alikuwa na drili ya umeme na biti aliyoirefusha kwa kuiunga na nondo. Futi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili ikatoa moshi. Ilipofika karibu na ya tatu, biti ikachomoza ubavuni, tena upande ule niliokuwa nimeuchagua utazame barabarani. Yeye akaulaumu mti, mimi nikamlaumu yeye, na majirani wakaacha kazi zao wakaja kusikiliza.

Aliyetunyamazisha ni mzee mmoja mwenye banda lake upande wa pili wa njia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama ile nguzo. Akauliza, "Mmemchinja nani?"

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Aliomba ufagio wa chelewa, akaushika kwa nguvu, akaniambia nichukue kijiti nikisukume katikati ya zile chelewa kutoka upande wa ncha. Kijiti hakikwenda nilikotaka. Kilikwenda pale chelewa zilipolegea. "Ukitoboa ubavuni," akasema, "unazikata nyuzi, hazina la kufanya. Ukitoboa kichwani unapita kati yake, na zenyewe ndizo zinazokuongoza." Tena, ile ncha ya parafujo iliyo mbele ya biti, ambayo ubavuni huuma mti na kujivuta ndani, kichwani haipati cha kushika. Huchana nyuzi tu, na fundi akaanza kusukuma kwa kifua. Vumbi nalo hujazana ndani kwa kuwa halina pa kutokea. Biti inapata moto, inaunguza, inapinda.

Na kosa lenyewe halihitaji kuwa kubwa. Tupige hesabu. Nguzo ya inchi 4 ina inchi 2 kutoka katikati hadi ubavuni. Biti ikikosea inchi moja kwa kila futi moja na nusu, upotovu ambao jicho halitauona mwanzoni, kwenye futi ya tatu imeshatoka nje.

Mzee hakusema kwamba kazi ile haiwezekani. Alisema ina taratibu zake. Nguzo ilazwe na ibanwe isitikisike. Chukua kipande cha mti mgumu, kitobolewe wima kwa mashine ya kusimama, kisha kibanwe kwenye kichwa cha nguzo kiwe kiongozi wa biti. Anza na biti fupi, nene, isiyopinda, ndipo ndefu ifuate njia iliyokwisha nyooshwa. Kila inchi moja itoe nje, ukung'ute vumbi. Mtu wa pili akae pembeni atazame kama mkono wa mwenzake unashuka. Na tundu refu litobolewe kutoka vichwa vyote viwili likutane katikati, maana waya hautajali kama pana kigongo kidogo njiani.

Baadaye niliketi kusoma, na nikaona kwamba binadamu amefanya kazi hii kwa wingi kuliko nilivyodhani. Jiji la London, tangu karne ya 17, lilisambaziwa maji kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa kichwa hadi kichwa, ncha ya moja ikichongwa iingie katika kinywa cha jingine, hadi chuma kilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 19. New York na Philadelphia walifanya vivyo hivyo. Katika viwanda vya pamba vya New England, huko Marekani, karne hiyo hiyo ya 19, nguzo nene za mbao zilitobolewa tundu la inchi moja na nusu kutoka juu hadi chini, pamoja na vitundu vidogo vya hewa ubavuni, ili mti ukauke kwa ndani pia, usipasuke wala kuoza.

Lakini mfano ulionichoma uko hapa hapa nyumbani. Mpingo wetu, ule wa Kilwa na wilaya jirani, hupasuliwa vipande vya mraba na kusafirishwa Ulaya kutengeneza klarineti, obo na zumari nyingine za okestra. Ni mti mzito unaozama majini, na ni mgumu kiasi cha kuondoa makali ya msumeno. Huko hukaushwa kwa muda mrefu, kisha hutobolewa kichwani. Kwanza hupitishwa tundu jembamba, mara nyingi mti ndio unaozungushwa na biti ikatulia, kwa sababu hivyo hainyemelei kando. Kisha tundu hupanuliwa taratibu hadi karibu milimita 15 kwa klarineti. Kijiji cha Kikole, Kilwa, ni miongoni mwa vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa uangalifu, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo thamani kubwa ya kipande kile huanza kuongezeka pale kinapotobolewa, na hapo kimekwisha kuvuka bahari.

Sisemi kesho tufungue kiwanda cha klarineti. Nasema yule kijana wangu hakuwa mvivu wala mjinga. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, aliniambia kwa fundi mkubwa, miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwonyesha kile kipande cha kiongozi. Alikuwa akipewa msasa na kutumwa chai. Vyuo vya VETA vipo tangu sheria yake ya mwaka 1994, lakini vijana wengi mno bado wanajifunza useremala juu ya mbao za wateja, na mbao inayoharibika ni ya mteja au ya kijana mwenyewe. Fundi mkubwa halipi kitu. Mimi pia sina usafi hapo, kwa kuwa niliagiza tundu la futi 8 bila kuuliza atalitoboa kwa chombo gani, na nikapunguza bei kwanza.

Tukakubaliana kugawana hasara nusu kwa nusu. Nguzo iliyoharibika ilikatwa ikawa miguu ya vigoda viwili. Kwa nguzo ya pili, mzee alituuliza kwa nini tunang'ang'ania kutoboa urefu wote. Aliipasua katikati kwa urefu, akachimba mfereji katika kila nusu, akazirudisha kwa gundi na kuzifunga kwa kamba usiku kucha. Mshono ukiutafuta utauona, usipoutafuta hutauona. Lile tundu la pini alimwachia kijana alitoboe mwenyewe, na kiongozi kimebanwa, na mzee amekaa pembeni anatazama mkono. Lilinyooka.

Kwa hiyo nguzo imesimama, haigusi sakafu, na waya umepita ndani. Taa ya baraza inawaka vizuri, siku ambazo umeme upo.