Hesabuni Boliti Kwanza
Sisi tulioshika spana kwenye injini ya zamani ya Ford V8, ile ya valvu za ubavuni iliyotoka Marekani mwaka 1932, twaijua tabia yake. Moshi wake wa moto hupita ndani ya bloku, maji huchemka upesi, na bloku hupasuka. Lakini safari hii kosa si la injini. Stoo ilileta gasketi ya boliti 21, na vichwa vyetu vina boliti 24 kila kimoja. Mwenzetu alikataa kuifunga. Akaitwa mvivu, akakatwa mshahara wa siku mbili. Karani hatumlaumu sana, maana zote huitwa V8. Basi tuhesabu boliti kabla ya kuagiza spea, tuandike idadi katika karatasi ya maombi, na nakala apewe mwakilishi wa chama. Zile siku mbili bado twazidai.