Mgeni wa Mazimbu



Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kihonda, Morogoro. Siku hizi Kihonda ni ya kila mtu. Treni ya SGR inashusha watu, viwanda vinaajiri, na jirani wa kulia katoka Kagera, wa kushoto katoka Mbeya. Jioni moja barazani mzee mmoja akanilalamikia: "Mwanangu, wageni wamezidi. Hatujuani tena." Nilimwitikia tu kwa heshima, lakini maneno yake sikulala nayo vizuri. Sisi watu wa Kihonda tulikwisha kuishi na wageni waliotoka mbali zaidi ya Kagera.

Wa umri wangu wanakumbuka. Jirani yetu, pale Mazimbu, palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 16, 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini waliikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa ANC shamba lile. Mkuu wa Mkoa alikuwa Mama Anna Abdallah. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Baadaye pakawa na hospitali, kiwanda cha samani, mashamba, na shule ya watoto wadogo.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kupewa ardhi ni jambo moja na kupokewa ni jambo jingine. Ardhi hutolewa na Serikali kwa barua. Kupokewa hutolewa na mama muuza mchicha, na wazee wa barazani, na watoto wanaocheza mpira njiani. Hao hawaandikiwi barua.

Mwanzoni tuliwaita wakimbizi. Wao walikuwa na umeme, magari, na nguo za misaada kutoka Ulaya, wakati sisi tunapanga foleni ya sukari na sabuni. Wako walioona kijicho upande wetu. Na upande wao wako waliojifungia mle mle, wakihesabu siku za kurudi kwao.

Waliozoeleka ni wale waliotoka nje. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akija kununua vitumbua kwa mama jirani yetu. Siku moja alianguka, akaja akasema anaumwa "goti la mkono". Sisi watoto tulimcheka mpaka machozi, kisha tukamfundisha: hiki kiwiko, hiki kisigino, hili ndilo goti. Hakukasirika. Kesho yake alirudi akatusomea somo lote bila kosa, na tukampigia makofi. Msiba ulipotokea mtaani alikuja, akakaa mkekani na wanaume, akabeba jeneza kwa zamu kama wengine. Tangu siku hiyo sikumsikia mtu akimwita mkimbizi. Aliitwa shemeji, maana alikuwa amekwisha kumpata binti wa yule mama.

Mwaka 1990 ANC iliruhusiwa tena kufanya siasa kwao, na wenzetu wakaanza kurudi. Julai 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya waliofia ugenini yapo pale hadi leo. Baadhi ya wanawake wa Morogoro walifuatana na waume zao. Wengine walibaki na watoto, na ahadi. Shemeji yetu aliahidi kutuma nauli. Zilikuja barua mbili, kisha kimya.

Mtoto aliyeachwa nimemwona akikua. Jina lake la Kikosa lilitushinda kulitamka, tukalifupisha. Je, huyu naye alikuwa mgeni? Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake alisimama mbele ya watu akasema: "Huyu ni wetu, asiulizwe kwao ni wapi." Akampa sehemu ya kujenga. Leo ni fundi umeme, ana mke na watoto wawili. Lakini picha ya baba yake bado iko ukutani. Alipokewa kabisa, na bado anauliza. Mgeni aliyepokewa naye anadaiwa: akiondoka, aage, na asiwasahau waliomwita shemeji.

Na wale mama zetu waliokwenda Afrika Kusini? Huko wao ndio wakawa wageni. Mei 2008 yalizuka mashambulizi dhidi ya wageni, yakaanzia Alexandra, Johannesburg. Watu zaidi ya 60 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo. Njiani watu walisimamishwa wakaulizwa: hiki kinaitwaje kwa Kizulu? Wanaonyeshwa kiwiko. Aliyeshindwa kujibu alipigwa.

Kiwiko, ndugu wasikilizaji! Kile kile tulichomfundisha kijana wa Mazimbu huku tukicheka.

Sisemi haya ili tuwanyooshee kidole Waafrika Kusini. Wengi wao walilaani mauaji yale. Nasema ili tujitazame. Lugha ni mlango. Mwenye nyumba anaweza kuufungua akasema "karibu, neno hilo hutamkwa hivi", au akaufunga akasema "tamka kwanza nikusikie". Mlango ni ule ule.

Yule mzee wa barazani nilimrudia kabla sijasafiri. Nikamuuliza kama amewahi kubisha hodi kwa huyo jirani wa kutoka Kagera. Akasema hajawahi, na mwaka wa pili unakwisha. Nikamuuliza tena: ule msiba wa mwezi uliopita, jirani huyo alipewa habari? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hakuna aliyemwambia."

Basi tusilalamike kwamba hatujuani. Mgeni ajitahidi kutoka nje ya uzio wake, na mwenyeji ampelekee habari ya msiba na ya harusi. Atakayekosea maneno, tumcheke kidogo, halafu tumfundishe.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.