Bamvua, Kupatwa na Zebaki: Istilahi za Dunia na Anga katika Ufundishaji

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia sayansi kwa kawaida huanza na swali moja: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Mhadhara huu unachukua uwanja mdogo, yaani maarifa ya awali kuhusu dunia na anga, na kuonyesha kwamba swali hilo haligusi kiini cha tatizo. Istilahi zipo. Baadhi yake, hata hivyo, humfunza mwanafunzi, na nyingine humpotosha. Na kazi ya kuzitofautisha bado haijapewa uzito unaostahili. Istilahi tatu zinatosha kudhihirisha jambo hili.

Ya kwanza ni bamvua. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia meta 4. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Wanawake wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja huipangia kazi yao siku za bamvua, kwani ndipo maji yanapopwa vya kutosha kuyafikia mashamba. Maelezo ya kifizikia yanafuata mgawanyo huohuo. Mvutano wa mwezi ndio unaoinua maji zaidi. Athari ya jua, kwa sababu ya umbali wake, haifikii nusu ya ile ya mwezi. Jua, dunia na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja, athari hizo mbili huungana, na hiyo ndiyo bamvua. Vinapounda pembe mraba, athari hizo hupunguzana, na hayo ndiyo maji mafu. Hapa mwalimu hana haja ya kuunda neno. Anachotakiwa kufanya ni kueleza sababu ya jambo ambalo lugha imekwisha kulipa jina.

Istilahi ya pili ni kupatwa. Wazungumzaji husema kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi kana kwamba ni tukio la namna moja, ilhali utaratibu wake ni tofauti. Katika tukio la kwanza, mwezi hupita mbele ya jua, na kivuli chake huangukia sehemu ndogo tu ya dunia. Tarehe 1 Septemba 2016, kwa mfano, watu waliokuwa Rujewa, wilayani Mbarali, waliliona jua likibaki mithili ya pete, ilhali maeneo mengi ya Afrika Mashariki yaliona sehemu yake tu ikifunikwa. Katika tukio la pili, mwezi wenyewe huingia katika kivuli cha dunia, na kila aliye upande wa usiku anaweza kuliona, mradi mwezi uko juu ya upeo na hakuna mawingu. Utata unatokana na umbo la kutendwa linaloachwa bila mtenda. Tiba yake imo katika sarufi yenyewe: jua limepatwa na mwezi, mwezi umepatwa na kivuli cha dunia. Neno halihitaji kutupwa, linahitaji kukamilishwa.

Ya tatu ni Zebaki, jina ambalo baadhi ya vitabu huipa sayari iliyo karibu zaidi na jua. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yenye asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu sayari hii nayo ina jina lake, ambalo kwa Kiswahili ni Utaridi. Zebaki ni metali. Kiingereza ndicho kinachoziita metali na sayari kwa jina moja, na mfasiri ameuhamisha utata huo hadi katika lugha ambayo haikuwa nao. Mwanafunzi aliyeiona zebaki ndani ya kipimajoto ana haki ya kudhani kwamba sayari hiyo imeumbwa kwa metali hiyo. Kumbe ni sayari ya miamba yenye kiini kikubwa cha chuma, na mchana joto lake hufikia takriban nyuzi 430 za Selsiasi, ilhali zebaki huchemka kwa nyuzi 357. Inaweza kudaiwa kwamba jina hili limekwisha kuzoeleka. Lakini mazoea ya kundi moja la wanafunzi hayatoshi kuwa sababu ya kulirithisha kosa kundi linalofuata.

Kwa hiyo, istilahi moja inahitaji kufafanuliwa, nyingine kukamilishwa, na nyingine kubadilishwa. Suala hili si la wanaisimu peke yao. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha hukabidhiwa Kiingereza katika sekondari. Ikiwa istilahi ya kwanza ilimjengea dhana, ya pili itakuwa jina jipya tu la kitu anachokifahamu. Ikiwa haikumjengea, atakariri maneno mara mbili, na huenda asielewe hata mara moja.