Maji Yanayotoka na Gesi: Sumu Inayobaki Baada ya Kutibiwa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maofisa mazingira, Bungu



Fasili mnazijua, nitazipitia haraka. Gesi haitoki kisimani peke yake. Hutoka na maji ya mwambani yenye chumvi, mafuta, metali na dawa tulizotia wenyewe: glikoli, dawa za kuzuia kutu, viuavijidudu. Maji hayo hutibiwa, kisha hurudishwa ardhini au humwagwa baharini. Na kama kuna anayejiuliza tunayajadilije milimani, ng'onda wa soko la Bungu hawakuvuliwa mto Luengera.

Songo Songo ilianza kuzalisha mwaka 2004, Mnazi Bay 2006. Majukwaa ya kuzalishia gesi kwenye kina kirefu bado hatuna. Hata hivyo Mnazi Bay imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na gesi ya kina kirefu iliyogunduliwa tangu 2010 imepangwa kuletwa nchi kavu, Likong'o, Lindi. Maji yakifika huko pamoja na gesi hiyo na kumwagwa karibu na ufukwe, yataangukia mahali kamba wanapokulia.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Tunapima mafuta, hatupimi sumu. Kaskazini-mashariki mwa Atlantiki kikomo ni miligramu 30 za mafuta kwa lita, na kipimo cha namna hiyo kinahesabu zaidi matone. Benzini na toluini huyeyuka ndani ya maji, hupita kwenye mtambo wa kutenganisha bila kushikwa. Ndiyo maana katika Bahari ya Kaskazini maji ya majukwaa ya gesi, ingawa ni machache, yalionekana kuwa na sumu kali takriban mara 10 kuliko ya majukwaa ya mafuta. Ripoti inaweza kuwa safi na lava wa kamba wakafa.

Halafu kuna chupa. Sampuli ya benzini hujazwa mpaka juu, kifuniko kifungwe pasibaki hata kipovu, ikae kwenye barafu. Nimepokea chupa ya plastiki iliyojaa nusu, imetoka Mtwara kwa basi, ya moto. Benzini ilikwishapanda hewani zamani. Majibu: "haikuonekana". Na aliyechota ni mwenye kisima mwenyewe! Sisemi kuna aliyedanganya, na haya ni maoni yangu, si msimamo wa ofisi.

Mapendekezo. Vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 vidai kipimo cha sumu kwa viumbe hai, si mafuta pekee. Viumbe wawe wa kwetu: kamba, chaza, mwani. Mchotaji asiwe mwenye kisima. Chupa iwe ya kioo, ijae. Maabara ya viumbe iwe Mtwara au Lindi, kwani utaratibu wa Marekani unataka jaribio lianze ndani ya saa 36, na basi na foleni ya mapokezi hazijui saa hizo. Orodha ya dawa zinazotiwa kisimani ifike Baraza la Mazingira (NEMC) kabla hazijatiwa. Kome wafungwe kwenye vizimba karibu na mdomo wa bomba, kama wafanyavyo Norwei, na hapa kwetu wapimwe kila msimu. Panapowezekana, maji yarudishwe ardhini. Na narudia, kwa kuwa kila semina hukubaliwa kisha husahaulika: mchotaji asiwe mwenye kisima.