Kura haipigwi kwa simu, lakini simu inaweza kuilinda



Vijana wenzangu wa Kakamega, mliotoka Mumias, Butere, Lurambi na kwingineko, karibuni.

Tukumbuke 2022. Tarehe 9 Agosti watu walifika vituoni wakapewa karatasi tano badala ya sita. Ya gavana haikuwepo. Picha za wagombea zilikuwa zimekosewa, hapa kwetu na Mombasa pia, na IEBC ikaahirisha kura hiyo hadi tarehe 29. Siku ilipofika, wengi hawakurudi. Gavana akachaguliwa na wale waliorudi. Na huyo ndiye anayesimamia hospitali za kaunti, chekechea na barabara zetu za mashinani. Si jambo dogo, jamani.

Kisha Juni 2024 tukaona nguvu ya simu. Vijana walisoma Mswada wa Fedha, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, ukaenea kila mahali. Tarehe 26 Rais akatangaza hatautia sahihi. Kuna wenzetu waliopoteza maisha. Kwa hivyo mtu asikwambie simu ni mchezo tu. Lakini laiki elfu kumi haziingii kwenye sanduku la kura.

Sasa simu itusaidie nini? Kuhakiki. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza fomu na kubandika nakala hapo kituoni. Ya rais ni 34A, ya gavana ni 37A. Mwaka 2022 IEBC iliweka mtandaoni fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000. Yeyote mwenye bando aliweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Basi ukitumiwa "matokeo" kwa WhatsApp, uliza: fomu iko wapi? Ni kituo gani? Imetiwa sahihi? Kama hakuna jibu, usisambaze. Dini yetu imetufunza kuhakiki habari kabla ya kuieneza, na uongo wa kura unaweza kumwaga damu.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Umefikisha miaka 18 na una kitambulisho? Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ujiandikishe. Kitambulisho bado? Anza kukitafuta wiki hii, maana hakitoki kwa siku moja. Na ukienda, usiende peke yako. Beba rafiki mmoja.

Wabillahi tawfiq.