Kudhani Si Kujua

Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Masumbwe



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya Kiingereza kwa mtu aliye kazini. Nitachukua vitenzi vichache tu, vinavyohusu jambo moja: kuwa na maoni kabla ya ushahidi. Vitenzi hivi huwachanganya watahiniwa, na tendo lenyewe limeangamiza watu katika sehemu zetu hizi.

Cha kwanza ni "assume": kulichukua jambo kuwa kweli bila uthibitisho. Cha pili ni "presume". Hapa nako ni kudhani, lakini anayedhani ana sababu, na yu tayari kusahihishwa. Inasimuliwa kwamba Stanley alikitumia kitenzi hiki alipomsalimu Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Hakubahatisha, maana njiani alikwisha kupata habari za mzee wa Kizungu aliyekuwako huko. Hata hivyo hakusema "ninajua".

"Presuppose" ni kulitanguliza jambo liwe msingi wa maneno yako. Ukimwuliza mtu, "Umeacha lini kuiba?", umekwisha kujenga juu ya wizi ambao hujauthibitisha. "Preconceive" ni kulitunga wazo kabla hujakutana na jambo lenyewe. Na "prejudge" ni kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Kiswahili nacho hakikosi maneno. Tena kimetupangia ngazi: kuna mshukiwa, kuna mtuhumiwa, kuna mshtakiwa, na mwisho kuna mwenye hatia. Kila ngazi ina masharti yake. Hatari ni kuruka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Ngazi hizo zimerukwa hapa kwetu. Katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Masumbwe ilikuwa ndani yake mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Lakini mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni, na kwa samadi kavu pale miti ilipokwisha, macho yake yangekuwaje kama si mekundu? Moshi wa jiko ulifanywa shahidi dhidi ya mpishi.

Ndugu zangu, ugonjwa huu si wa wanakijiji peke yao. Mwaka 1976 kulikuwa na msako wa kukomesha mauaji hayo katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka 1985 alikuja kuwa Rais, alijiuzulu ili kuwajibika, ingawa si yeye aliyetesa. Tazameni jambo hilo: waliotumwa kuwazuia watu wanaohukumu kabla ya ushahidi, wao nao walihukumu kabla ya ushahidi.

Je, tuache kudhani kabisa? Haiwezekani. Daktari hudhani kabla ya kupima, na mwalimu hudhani kabla ya kusahihisha. Sheria yenyewe ina dhana yake. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike. Waingereza huieleza kanuni hiyo kwa kitenzi kile kile, "presume": mtu hudhaniwa kuwa hana hatia. Sababu yake ni ya busara. Ukimdhania mtu wema ukakosea, kesho unaweza kumkamata. Ukimdhania uchawi ukamwua, hakuna barua itakayosahihisha kosa hilo.

Kwa hiyo, tukilazimika kudhani, tuchague dhana inayoweza kusahihishwa. Hili latuhusu hata sisi wa maofisini. Mwananchi akiingia na kandambili na vumbi la machimbo, wako wanaomwona mhuni kabla hajafungua kinywa, na faili lake linakaa chini ya mengine.

Hao wachimbaji wadogo wanatushinda kwa hekima. Mchimbaji hulitazama jiwe akakisia kwamba lina dhahabu. Lakini hakuna anayemlipa kwa kukisia. Jiwe litapita kwenye karasha, litaoshwa, na mwisho mizani itasema. Kama jiwe hupewa nafasi hiyo, bibi kizee jirani yako anyimwe kwa nini?

Vijana, katika mtihani mtapewa maksi kwa kuvitofautisha vitenzi hivi. Nje ya mtihani, siku watu watakapokusanyika mlangoni kwa mtu wakisema "tunajua", mmoja wenu awe na moyo wa kuuliza: mnajua, au mnadhani?