Gari Linalochemsha Mara Moja Moja: Dereva Aanzie Wapi?

Maelezo kwa madereva, mafundi na wenye magari



Gari linalochemsha kila siku halimsumbui fundi. Linalomsumbua ni lile kuukuu ambalo Jumatatu hupanda kutoka Bonde la Kerio hadi Iten bila shida, Jumatano likatoa mvuke katikati ya mlima likiwa na mgonjwa ndani, na Alhamisi likipelekwa gereji, sindano ya joto imetulia. Fundi hana cha kuona. Mwenye gari anauziwa rejeta, na baada ya wiki mbili mvuke unarudi.

Kifaa cha kwanza ni daftari. Dereva aandike gari lilichemshia wapi, lilibeba nini, na kama sindano ilipanda polepole au ghafla.

Likichemsha kwenye msongamano wa Eldoret au likisubiri abiria steji, kisha likapoa likishika kasi, mshukiwa ni feni. Barabarani upepo huifanyia feni kazi yake, ndiyo maana kasoro hujificha. Feni ya umeme inaweza kugoma leo na kuzunguka kesho kwa sababu ya waya uliolegea tu.

Likichemsha mlimani pekee, rejeta huenda imeziba. Maji ya mto yasiyotiwa kulanti huacha chumvi na kutu kwenye mirija myembamba. Mirija iliyobaki wazi inatosha gari likiwa tambarare, lakini kwenye kona za Tambach haitoshi. Mkanda wa pampu ya maji ukaguliwe pia.

Sindano ikipanda ghafla kisha ikashuka yenyewe, huenda thamostati inakwama. Iwekwe kwenye sufuria ya maji na kuchemshwa. Nzima hufunguka kabla maji hayajatokota. Wapo mafundi wanaoitoa na kuitupa kabisa. Hiyo si tiba, kwani injini hubaki baridi kupita kiasi na kula mafuta zaidi.

Kinachosahauliwa sana ni kifuniko cha rejeta. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi, si 100. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na 90. Kinachozuia maji yasitokote ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Springi yake ikichoka au mpira wake ukipasuka, gari lililokuwa salama bondeni litachemka likikaribia Iten, ingawa rejeta ni nzima. Kifuniko ni cha bei ndogo kuliko rejeta, kwa hivyo ni busara kianze kubadilishwa hicho.

Maji yakipungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe ukizidi hata injini ikiwa imepata moto, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imeungua. Gari hilo lisibebe abiria tena hadi litengenezwe.

Sindano nayo hudanganya. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani na sindano inaweza kuonyesha baridi ilhali injini inaungua. Mvuke ukionekana, dereva asibishane nao.

Asimame pembeni, azime injini na kuwaondoa abiria karibu na boneti. Asubiri angalau nusu saa. Kifuniko kisifunguliwe kikiwa moto, hata kwa kitambaa, kwani maji yaliyoshinikizwa huruka na kuchoma uso na macho. Injini ikishapoa, kifuniko kizungushwe polepole, na maji yaongezwe kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa kwenye injini moto, hedi inaweza kupasuka.